Jinsi ya Kuwa Mtengeneza Programu za Simu Ukiwa Sumbawanga, Bila Kuanzia kwenye Ukurugenzi

Kijana akipania kutengeneza programu za simu, aghalabu kitu cha kwanza anachokamilisha ni cheo. Ukurasa wake wa Instagram unasomeka "Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji" kabla kompyuta haijamaliza kuwaka. Kesho yake ana nembo. Keshokutwa ana fulana yenye nembo. Wiki ikiisha amepiga picha, kakunja mikono mbele ya ukuta mweupe, macho ameyatupa mbali, pengine upande wa Marekani. Programu haijaandikwa hata mstari mmoja, lakini kampuni tayari ina mkurugenzi, makamu wake, na ugomvi wa hisa baina yao.

Mwongozo huu ni wa kijana huyo na wa dada yake, hasa walioko Sumbawanga, Laela, Matai, Namanyere na vijiji vyote vya nyanda za juu za Ufipa. Nitawacheka pale wanapostahili kuchekwa, kwa sababu nawapenda na kwa sababu muda wao ni mali. Naamini kwa moyo wote kwamba kazi hii mtu anaweza kujifundisha mwenyewe, akiwa huku huku, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Naamini pia kwamba akiijua vizuri, Ufipa itamlipa kwa namna ambayo Dar es Salaam haiwezi: hapa anawafahamu watu wenye shida, na shida zao anazijua kwa majina. Afuate hatua tu.

Hatua ya 1: Vua cheo

Futa neno "mkurugenzi." Vunja ndoa na makamu wako wa rais wa masoko, ambaye ni binamu yako na hana soko. Usitengeneze nembo. Fulana ivae ile uliyonayo, tena juu yake weka sweta, maana Juni na Julai baridi ya Sumbawanga haimheshimu mtu yeyote, awe na hisa au asiwe nazo.

Sababu ni hii. Cheo kinakupa sifa leo kwa kazi ya kesho, na sifa ikishaingia mfukoni, hamu ya kazi inatoka. Mtu aliyekwisha pongezwa na ukoo mzima kwa kampuni isiyokuwepo anakosa sababu ya kuamka alfajiri kutafuta kosa kwenye mstari wa 40. Jiite mwanafunzi. Akiuliza mtu unafanya nini siku hizi, sema: "Najifunza kutengeneza programu za simu." Ni kweli, na haikudai fulana.

Hatua ya 2: Tafuta mtu mwenye daftari

Usianze na wazo. Mawazo yamejaa: Uber ya ng'ombe, Facebook ya Wafipa, Amazon ya migebuka. Anza na mtu mmoja mwenye jina, anayeshinda na daftari. Daftari ndilo dalili kubwa kuliko zote. Mtu anayeandika, anayefuta, anayejumlisha upya usiku kwa taa ya simu huku akiguna, huyo tayari ameshathibitisha kwamba shida ipo na kwamba inamgharimu.

Ufipa imejaa madaftari. Yupo mnunuzi wa mahindi. Yupo katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Yupo mwenye duka la pembejeo, na mama mweka hazina wa kikoba. Yupo wakala wa mabasi stendi, na mfanyabiashara anayepokea dagaa kutoka Kirando na Kasanga. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua hapa. Msimu ukifika, hesabu zinazofanyika vidoleni na kwenye karatasi za sigara zingetosha kuwapa kazi watengeneza programu wa wilaya nzima.

Nenda kwa mmoja wao. Salimia vizuri, shikamoo isikae mdomoni nusu. Mwambie: "Mama, naomba nikae hapa nione unavyoandika." Atakujibu: "Mwanangu, subiri wateja wapungue." Subiri. Kusubiri huko ni shule isiyo na ada. Utaona kwamba gunia la debe sita na gunia la debe saba yote mawili yanaitwa gunia. Utaona kwamba lumbesa, ambayo Sheria ya Vipimo inaikataza kwa kutaka gunia la mazao lisizidi kilo 100, inamla mkulima kimyakimya. Utaona kwamba debe la mahindi halina uzito wa debe la ulezi, na kwamba mnunuzi anajua tofauti hiyo kuliko muuzaji. Hakuna video ya YouTube iliyorekodiwa California itakayokufundisha jambo hilo.

Wenzetu walishapita njia hii. Mwaka 2010 jijini Nairobi, wanawake watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walianzisha M-Farm ili mkulima apate bei ya soko kwa ujumbe mfupi wa simu kabla dalali hajamtajia ya kwake. Hawakuanza na Facebook ya wakulima. Walianza na swali moja ambalo mkulima alikuwa akiliuliza kila msimu: sokoni bei gani?

Hatua ya 3: Kompyuta, bando na umeme

Hapa ndipo wengi wanapojipa likizo. "Nikipata MacBook nitaanza." Hutaanza, mdogo wangu. Ukipata MacBook utatafuta meza ya kuiwekea, halafu kiti cha kufanana na meza.

Ukweli wa vifaa ni huu. Android Studio, karakana rasmi ya kutengenezea programu za Android, inahitaji kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwa uchache, na GB 16 ukitaka pia kuwasha simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Simu ya kuigiza achana nayo. Chukua simu yako halisi, ile Tecno au itel yenye ufa, nenda kwenye mipangilio, tafuta nambari ya muundo, uibonyeze mara saba. Simu itakutangazia kwamba sasa wewe ni msanidi programu. Mara saba tu, bila mganga na bila kuku. Kisha, kwenye chaguo za msanidi programu, washa utatuzi wa USB, uiunganishe na kompyuta kwa waya, na programu yako itawaka kwenye kioo ambacho wateja wako wanacho kweli.

Kama kompyuta yako ni mtumba yenye GB 4, tumia App Inventor ya MIT, inayofanya kazi ndani ya kivinjari kwa kupanga vipande vya maagizo. Kama huna kompyuta kabisa, weka Acode, programu ya kuandikia msimbo, kwenye simu ujifunze HTML na JavaScript kwa dole gumba. Ni taabu, lakini akili inayojifunza kufikiri kwa maagizo haijali ukubwa wa kibodi.

Kuhusu bando: faili la kusakinisha Android Studio peke yake linazidi GB 1, na mara ya kwanza unapojenga programu, karakana inavuta vifaa vingine vizito kutoka mtandaoni. Fanya usiku kwa kifurushi cha bei nafuu, au nakili kwa flashi kutoka kwa aliyekwisha kupakua. Ukishamaliza, zima data. Msimbo unaandikwa bila intaneti, na bila intaneti utaandika mwingi zaidi, kwa kuwa TikTok nayo imezimika.

Kuhusu umeme: kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia kupitia Mbala, kwa hiyo sisi ni watu ambao hata giza letu limewahi kuwa na asili ya kimataifa. Dawa yake ni Git, chombo alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 ili kuhifadhi kila hatua ya kazi. Git inaishi ndani ya kompyuta yako na haihitaji mtandao kuhifadhi. Kila kipande kidogo kikifanya kazi, kihifadhi. Umeme ukikatika, utapoteza dakika chache badala ya wiki, na jirani hatasikia ukilia.

Hatua ya 4: Chagua lugha moja, ukae nayo

Kuna maradhi yanawashika wanaojifunza wenyewe. Jumatatu mtu anaanza Kotlin. Jumatano anasikia Flutter ndiyo habari ya mjini. Ijumaa mtu asiyemjua anamwambia React Native ina ajira nyingi. Jumapili anatazama video ya saa tatu yenye kichwa "Lugha Kumi za Kujifunza Mwaka Huu," anachoka, analala. Mwaka unaisha ameandika "Habari Dunia" kwa lugha tano na hajui kujumlisha magunia kwa hata moja.

Zote tatu zinafaa. Google iliikubali Kotlin rasmi kwa Android mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaitangaza kuwa chaguo lake la kwanza. Flutter, inayotumia lugha ya Dart, ilitoa toleo lake la 1.0 Desemba 2018, nayo inakuwezesha kuandika mara moja kwa Android na iPhone. React Native ilitolewa na Facebook mwaka 2015 na inamfaa aliyekwisha kujua JavaScript. Wateja wako wengi wako kwenye Android. Chagua Kotlin au Flutter leo kabla ya chakula cha usiku, na usiulize tena mpaka umemaliza programu moja.

Masomo ya bure yapo, tena mazuri: CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard kwa misingi ya kufikiri, freeCodeCamp kwa mazoezi, na kozi ya Google ya misingi ya Android kwa kutumia Compose. Anayekuuzia kwa shilingi laki tatu "siri za kuwa milionea wa programu ndani ya siku 30" amepata siri moja tu, nayo ni wewe. Pesa hiyo nunulia RAM.

Roboti za kujibu maswali, kama ChatGPT, zitumie zikueleze, zisikufanyie. Zikikuandikia msimbo usiouelewa, siku msimbo huo utakapoharibika mbele ya mteja mtabaki mnatazamana, wewe na simu, nyote wawili hamjui. Na ujumbe wa kosa ukitokea, usome wote hadi mwisho, hata kama ni wa Kiingereza kirefu chenye hasira. Mara nyingi umetaja faili na mstari. Wanafunzi wengi wanakwama kwa kuogopa kusoma ujumbe ambao ulikuwa unawaonyesha njia.

Jipe muda. Wafipa wamelima kwa ntumba tangu zamani: nyasi zinageuzwa na kufukiwa ndani ya vilima vidogo vya udongo mvua zikielekea mwisho, zinaoza humo, na msimu unaofuata udongo ule unasambazwa na kulisha mazao. Masomo ya miezi ya mwanzo ni nyasi hizo. Zitaonekana zimefukiwa bure, hasa shangazi atakapouliza mbona huna kazi. Zinaoza kwa faida. Endelea kufukia kila siku, saa moja au mbili, hata siku ambayo huna hamu.

Hatua ya 5: Tengeneza kikokotoo cha mahindi, usitengeneze mtandao wa kijamii

Programu yako ya kwanza ifanye jambo moja: mnunuzi aingize idadi ya magunia, kilo za kila gunia na bei ya kilo, apate jumla. Ni ndogo. Inadharaulika. Ina mafunzo mengi kuliko inavyoonekana.

Funzo la kwanza ni namba. Katika Kotlin namba nzima ya kawaida, inayoitwa Int, inafika 2,147,483,647 na haivuki hapo. Aliyeko Marekani akihesabu dola anaweza kuishi na kuzeeka bila kuugusa mpaka huo. Sisi tunahesabu shilingi. Chukua chama cha ushirika kilichokusanya tani 3,100 za mahindi, na tuseme bei ni shilingi 700 kwa kilo: jumla ni shilingi 2,170,000,000. Ukitumia Int, simu haitalalamika wala kuzima. Itazunguka kimya na kuandika hasi 2,124,967,296. Umemwambia mwenyekiti wa ushirika, mbele ya wanachama, kwamba mahindi yao yameuzwa na sasa wanadaiwa bilioni mbili. Utaondoka kwenye mkutano huo kwa kasi ambayo bodaboda za Chanji hazijawahi kuifikia. Tumia Long.

Funzo la pili ni desimali. Namba za aina ya Double hazihifadhi 0.1 kamili; ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Kwa hiyo uzito uhifadhi kwa gramu na fedha kwa shilingi nzima, halafu uoneshe kilo kwenye kioo tu. Mkulima aliyeibiwa na lumbesa miaka nenda rudi hastahili kuibiwa tena na desimali.

Funzo la tatu ni mtu. Mpe programu mama wa daftari, kaa kimya, mwangalie anavyobonyeza. Usimwelekeze. Kila mahali anaposita ni kosa lako, wala si lake. Akigusa kitufe kisichokuwepo, kitengeneze. Akiuliza, "Sasa nikikosea nafuta wapi?", umepewa somo la usanifu ambalo vyuo vinalitozea ada.

Hatua ya 6: Ifanye kazi pasipo mtandao

Panda gari uteremke ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, Muze na Mtowisa, ukiangalia alama za mtandao kwenye simu. Zinapanda, zinashuka, zinapotea kona moja na kurudi kona nyingine. Programu inayohitaji intaneti kila inapobonyezwa ni programu ya mjini, na huko bondeni mpunga unapimwa hata mtandao ukiwa haupo.

Kwa hiyo hifadhi kila kitu kwanza ndani ya simu. Kila simu ya Android ina SQLite, hifadhidata ndogo iliyoanzia mwaka 2000, isiyohitaji seva wala bando. Katika Kotlin utaifikia kwa maktaba iitwayo Room. Mtandao ukirudi, programu itume yaliyokusanyika. Ukipotea katikati, ijaribu tena bila kuandika gunia lile lile mara mbili. Kila rekodi ipe nambari yake ya pekee tangu inapozaliwa ndani ya simu, na seva iikatae nambari iliyokwisha kupokelewa. Ukilimudu jambo hili moja utakuwa na ujuzi ambao wengi waliojifunzia kwenye intaneti ya kasi hawajawahi kuuhitaji.

Tanzania nzima inaitania Sumbawanga kwa uchawi. Siku mtu wa Kinondoni atakapoona programu yako inafanya hesabu na kuhifadhi kumbukumbu bila intaneti, atasema umeroga. Mweleze SQLite taratibu mpaka atulie.

Na saa zetu zikumbuke. Ukimwandikia msafiri wa Namanyere kwamba basi linaondoka 08:00, kuna watakaofika saa nane mchana na mizigo yao, tayari kupigana. Ndani ya hifadhidata weka muda kwa mtindo wa kimataifa. Kwenye kioo andika saa 2 asubuhi.

Hatua ya 7: Mkumbuke mwenye kiswaswadu

Nusu ya watu unaotaka kuwahudumia watakuonyesha simu yenye vitufe na tochi, na kuuliza: "Hii inaingia?" Jibu lisiwe kicheko. Jibu liwe USSD, ile menyu ya nyota na reli ambayo mkulima ameizoea tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008. Ukurasa mmoja wa USSD unabeba takriban herufi 182, nafasi zikiwamo, na muda wa kujibu ni mfupi. Ni mwalimu mkali. Ukiweza kueleza huduma yako ndani ya herufi 182 basi unaielewa. Ukishindwa, tatizo si herufi. Africa's Talking, kampuni iliyoanzia Kenya, ina uwanja wa majaribio wa USSD na ujumbe mfupi ambao mwanafunzi anautumia bila malipo.

Mfano mkubwa ni wa Mtanzania mwenzetu. Benjamin Fernandes alianzisha NALA, ambayo mwanzoni ilikuwa programu ya kuendesha menyu hizo hizo za pesa za simu kwa sura nzuri, bila kuhitaji intaneti. Mwaka 2019 ilipita kwenye mpango wa kulea kampuni changa wa Y Combinator ya Marekani. Baadaye ikahamia kwenye kutuma fedha kutoka ughaibuni, na Julai 2024 ikatangaza kupata mtaji wa dola milioni 40. Wengi wanakumbuka milioni 40. Wewe kumbuka ile menyu ya nyota na reli: mtu alitazama kero ambayo kila Mtanzania alikuwa anaipitia kila siku, akaipunguza.

Hatua ya 8: Kusanya wajaribu kumi na wawili

Kufungua akaunti ya kuchapisha Google Play ni dola 25, mara moja tu. Apple inatoza dola 99 kila mwaka, kwa hiyo iPhone isubiri. Lipa kwa kadi ya Visa. Halafu utakutana na sharti: akaunti mpya ya mtu binafsi haifunguliwi mlango mpaka programu ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo.

Hapa ndipo mji mdogo unapoushinda mkubwa. Dar es Salaam utawaomba watu kumi na wawili kwenye kundi la WhatsApp, wataweka dole gumba juu na kutoweka. Sumbawanga unawajua. Fundi pikipiki wa Izia, mwalimu wako wa zamani wa Sekondari ya Kantalamba, shangazi aliyeuliza mbona huna kazi, kinyozi, katibu wa kwaya. Wafungulie barua pepe wasiokuwa nazo. Wapitie kila siku kabla ya jua kuzama. Shangazi mpe uenyekiti wa majaribio. Hakuna atakayethubutu kuifuta programu, na makosa utayapata yote, pamoja na yale ya mavazi yako.

Hatua ya 9: Karatasi

Hatua hii ni fupi na haikwepeki. Ukianza kupokea fedha, sajili jina la biashara BRELA kwa njia ya mtandao na chukua namba ya mlipakodi TRA. Daftari la mama lina majina, namba za simu na madeni ya watu, na likiingia kwenye programu yako, wewe ndiye mlinzi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wakusanyaji wa taarifa binafsi wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wazilinde taarifa hizo. Kusanya unachohitaji tu. Kama hesabu haihitaji tarehe ya kuzaliwa ya mkulima, usiiulize. Deni la mtu likivuja katika mji ambao kila mtu ni jirani wa mwenzake, hakuna toleo jipya la programu litakalorekebisha.

Hatua ya 10: Taja bei

Sasa tuzungumze ajira. Njia ziko mbili, na zote zina mawe.

Njia ya kwanza ni kuajiriwa kwa mbali. Inawezekana, ila soko halimgombanii anayeanza. Andela, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2014 kuwafunza vijana wa Afrika na kuwaunganisha na kampuni za nje, mwaka 2019 iliwapunguza wahandisi chipukizi karibu 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, kwa kuwa wateja walikuwa wanataka wazoefu. Uzoefu huo utaupata wapi? Kwenye programu inayotumiwa na watu wa kweli. Kikokotoo kilichopita misimu miwili ya mahindi, chenye historia yake yote kwenye Git, kinakusemea kuliko vyeti kumi vya kozi.

Njia ya pili ni kampuni yako. Hapa jifunze kwa Copia ya Kenya, iliyowauzia bidhaa watu wa vijijini kupitia mawakala. Ilikusanya mtaji wa zaidi ya dola milioni 100, na Mei 2024 ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Kijijini, gharama kubwa ni barabara, mafuta na magari. Msimbo ni sehemu nyepesi ya mzigo. Kwa hiyo usikimbilie kusafirisha, kuhifadhi na kukopesha kwa mpigo. Uza kile kisichohitaji lori: hesabu sahihi, kumbukumbu, bei, taarifa. Baki mdogo mpaka wateja wenyewe wakuvute.

Na bei uitaje. Vijana wetu wana aibu moja inayowaua: wanamtumikia mteja miezi sita bure kwa matumaini kwamba mwekezaji atashuka na ndege. Mteja anayelipa shilingi elfu tano kwa mwezi ni mwekezaji, tena haombi hisa wala kikao. Nenda kwa mama wa daftari, mweleze programu imemwokolea nini, kisha sema kiasi na unyamaze. Akilipa, muulize nani mwingine sokoni anahangaika na hesabu, uende kwake siku hiyo hiyo. Akikataa, usinune. Muulize ni kitu gani angekilipia bila kufikiri mara mbili, andika jibu lake neno kwa neno, kisha urudi kwenye kompyuta ukatengeneze hicho.